Zamu za Mama

Tanga, usiku wa kuamkia Ijumaa

Katika Sura Luqman, aya ya 14, Mwenyezi Mungu anamwamrisha mwanadamu amshukuru Yeye pamoja na wazazi wake wawili, na amri hizo mbili zimekaa ndani ya sentensi moja, mara tu baada ya kutajwa mama aliyebeba mimba kwa udhaifu juu ya udhaifu na kumnyonyesha mtoto hadi kumwachisha ziwa. Aya hii naijua tangu nilipokuwa binti wa chuoni, lakini ni katika kumuuguza mama ndipo nimeanza kuiona ikifanya kazi ndani ya nyumba yangu, kwa mikono ya watu ninaokula nao na ninaosalimiana nao kila siku.

Mama alipata kiharusi kilichoulegeza upande wake wa kulia na kumfanya atafute maneno bila kuyapata. Muuguzi aliyetupokea alitufundisha kwa subira kwamba mgonjwa asiyeweza kujigeuza lazima ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, ili ngozi ya kiunoni na ya visiginoni isifanye vidonda. Kwamba mkono uliolegea unyooshwe taratibu kila siku ili viungo visikakamae. Na kwamba anapolishwa aketishwe wima, kwa kuwa akilishwa amelala anaweza kupaliwa. Hakuna mtu mmoja awezaye kuyatimiza haya yote kisha akaenda kazini, akapika na kuwaangalia watoto. Kwa hiyo tunagawana zamu: mimi, mdogo wangu, wifi yangu, binti yangu mkubwa anapotoka shule, na wengine ambao damu haikuwalazimisha kuja.

Niseme kwanza juu ya mume wangu. Kwetu mkwe hamwogeshi mama mkwe wake wala haingii ovyo chumbani mwake. Hiyo ni heshima ya zamani, na hata ugonjwa ulipotuingilia hapakuwa na aliyetamani kuivunja. Mume wangu aliipa heshima hiyo haki yake, kisha akajitafutia kazi nje ya mlango. Yeye ndiye anayeteka maji na kuyabandika jikoni kabla ya adhana ya alfajiri, ndiye anayefua mashuka na kuyaanika, jambo ambalo wanaume wengi wa rika lake wangeliona zito, na kila Alhamisi baada ya isha huketi kwenye mkeka barazani, pembeni ya pazia la chumba cha mama, akasoma Sura Yasini kwa sauti ya kutosha kumfikia kitandani.

Usomaji huo ndio ulioniletea mshangao ambao hadi leo sijauzoea. Mama, ambaye akitaka maji anaweza kusema kijiko, na akitaka kuniita anaweza kumtaja shangazi aliyefariki zamani, alianza kuifuata Yasini aya kwa aya, matamshi yakiwa yamekamilika, wala hasiti. Nilimweleza muuguzi, naye akanifahamisha kwamba maneno yaliyohifadhiwa tangu utotoni, kama vile dua, nyimbo na hata kuhesabu moja hadi kumi, mara nyingi hubaki kwa wagonjwa wa kiharusi hata pale wanapokuwa hawawezi kutunga sentensi mpya. Maelezo hayo nimeyapokea na nayaamini. Hayakunipunguzia chochote, bali yalinifanya nimwombee rehema bibi yangu, mama yake mama, ambaye ndiye aliyemkalisha mwanawe na kumsomesha sura hiyo hadi ikaingia kifuani, asijue kwamba alikuwa anamwekea akiba ya siku ambayo maneno mengine yote yangemkimbia. Kila nikisikia sauti mbili zikienda pamoja, moja barazani na nyingine chumbani, namshukuru Mungu na namshukuru bibi, na sioni kwamba shukrani ya pili inaipunguza ya kwanza.

Swala za mama nazo zimekuwa darasa kwa watoto wangu. Imran bin Huswain alikuwa mgonjwa alipomuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, namna ya kuswali, naye akamwambia aswali akiwa amesimama, asipoweza akae, na asipoweza alale ubavu. Mama huswali ameegemezwa mito, akiinamisha kichwa kidogo kwa rukuu na zaidi kidogo kwa sujudu. Mwanangu wa kiume, mdogo kuliko wote, amejipa jukumu la kumwelekeza bibi yake kibla na kumwekea mtandio vizuri kabla ya kila swala ya magharibi, baada ya kumwamkia. Jambo hilo hakuagizwa na mtu yeyote. Aliona tu kwamba bibi anaswali hata katika hali ile, akajua kwamba swala ni kitu kikubwa. Na mimi mwalimu wa miaka mingi nakiri kwamba hakuna somo nililoliandaa lililowahi kuingia kwa mtoto kwa namna hiyo.

Sasa nifike kwa rafiki yangu. Tulianza kazi shule moja, yeye Msambaa wa Lushoto, Mlutheri aliyekulia katika kwaya, mimi Mdigo wa hapa Tanga, na kwa muda wote huo tumezikana wazazi, tumelea watoto na tumekopeshana hadi madaftari. Kila Jumamosi huja mapema, huvua viatu mlangoni, humwamkia mama, kisha ananiambia nikalale. Humwogesha, humpaka mafuta, humsuka nywele, na akimaliza hukaa akamnyoosha vidole kimoja kimoja huku akiimba kwa sauti ya chini nyimbo za kanisani kwao. Mama hufumba macho akasikiliza. Nikiomba dua mbele yake rafiki yangu huitikia amina, naye akiniombea kwa namna yake mimi huitikia vilevile, na katika miaka yote hiyo hatujawahi kuhisi kwamba kuna aliyepoteza cha kwake. Sura An-Nisaa, aya ya 36, inapotaja wale tunaopaswa kuwatendea wema, baada ya wazazi na jamaa na yatima na masikini humtaja jirani wa karibu na jirani wa mbali, na kisha rafiki aliye ubavuni. Nikiisoma aya hiyo namwona yeye, na sidhani kama naitafsiri vibaya.

Wapo pia wenzangu wa upatu. Tulipohitaji kiti cha magurudumu, zamu yangu ya kupokea ilikuwa bado mbali, na fedha za nyumbani zilikuwa zimeishia kwenye dawa za shinikizo la damu na nauli za kliniki. Kijumbe wetu alisikia, sijui kwa nani, akawaita wanachama na kuwaomba wanipishe. Aliyekuwa na zamu ya mwezi ule alikuwa na mipango yake, kwa kuwa hakuna anayecheza upatu bila mpango, lakini aliniletea fedha mwenyewe, zimefungwa kwenye kitambaa, akakataa hata kuketi. Siku hizi jioni mama husukumwa hadi barazani, huona watu wakipita na baiskeli zao, huamkiwa, na huitikia marahaba bila kukosea.

Nilipotaka kumshukuru yule dada kwa kirefu alinikatiza, akasema amefanya kwa ajili ya Mungu. Kauli yake ilinirudisha kwenye Sura Al-Insan, ambamo wema wanaowalisha masikini, yatima na mfungwa husema kwamba wanalisha kwa ajili ya Mwenyezi Mungu tu, hawataki malipo wala shukrani. Nimeitafakari kwa muda kauli hiyo ikiwa kando ya hadithi ya Mtume isemayo kwamba asiyewashukuru watu hamshukuru Mwenyezi Mungu. Kwa mtazamo wangu mafundisho haya mawili yanasema na watu wawili tofauti: mtoaji ameambiwa asiingoje shukrani, na mpokeaji ameambiwa asiinyime. Matatizo huanza pale kila mmoja anaposhika fundisho la mwenzake, mtoaji akaanza kudai kutajwa, na mpokeaji akajifariji kwamba aliyempa hakutaka kitu. Katika nyumba yenye mgonjwa wa muda mrefu hatari hiyo ipo karibu sana, kwa sababu wema unaorudiwa kila siku huzoeleka, na uliozoeleka huacha kuonekana. Ndiyo maana nimewataka watoto, kila tunapomaliza kula usiku, waseme ni nani aliyemhudumia bibi siku hiyo, wamtaje kwa jina na wamwombee dua, awe ni baba yao, awe ni shangazi, awe ni jirani aliyeleta bakuli la uji. Binti yangu aliuliza kama rafiki yangu naye aombewe katika dua zetu. Mama ndiye aliyejibu, kwa kutikisa kichwa na kusema amina kabla dua yenyewe haijaombwa.

Juzi rafiki yangu alipata habari kwamba mama yake huko Lushoto ameanguka na kuvunjika nyonga. Atapanda huko mara shule zitakapofungwa, naye ana ndugu mmoja tu wa kumsaidia, mwanamume, ambaye kwa mambo ya kuogesha na kuvisha hatakuwa na la kufanya. Nimemwambia kwamba nitafuatana naye, nikae kwa muda wa likizo, nimgeuze mzazi wake kama yeye anavyomgeuza wangu, kwa kuwa sasa kazi hiyo naijua. Alitaka kukataa kwa ajili ya mama yangu. Nikawaita wifi na mdogo wangu ili wagawane zamu zangu pamoja na za Jumamosi, na wote wawili walikubali kabla sijamaliza kueleza. Mume wangu yeye ameshauliza kuhusu basi la asubuhi la kwenda Lushoto, na kama kule juu tutahitaji blanketi la ziada.