Kwa Noah Hadi Kigali, Mama Akiwa Kiti cha Mbele

Mdogo wangu wa kike anayefanya kazi Kigali alipotualika sote kwa likizo ya Desemba, mama alikubali papo hapo, ila akaweka sharti moja: hapandi ndege, kwa kuwa ndege haisimami njiani mtu akauliza bei ya ndizi. Basi ikaamuliwa kwamba watu sita, yaani mimi, mke wangu, watoto wetu watatu na mama, tutoke Dar es Salaam kwa Noah yetu, tupite Namanga, Nairobi, Busia, Kampala na Gatuna, kisha turudi nyumbani kwa njia ya Rusumo. Mama alipewa kiti cha mbele kwa ajili ya magoti yake.

Pasi za kusafiria na kadi za chanjo ya homa ya manjano hazikutusumbua. Aliyetusumbua ni msafiri wa saba, gari lenyewe, ambalo lilihitaji karatasi nyingi kuliko sisi sote: kadi halisi ya usajili wala si nakala, bima ya ndani, na ile kadi ya njano ya COMESA, jumuiya ya soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, ambayo hapa kwetu bado inatolewa ingawa Tanzania ilijitoa katika jumuiya hiyo mwaka 2000. Kadi hiyo hulipia madhara utakayomsababishia mtu mwingine ukiwa ugenini, pamoja na matibabu ya waliomo garini mwako. Niliilipia kwa wakala mmoja mjini, nikaikunja, nikaitia kwenye bahasha bila kuisoma.

Siku ya kwanza tulilala Moshi, nikiwa nimekwisha kulipa faini ya shilingi 30,000 kabla ya Korogwe, kwa kuwa tochi ya askari ilinikuta kwenye kijiji cha mwendo wa 50 nikiwa na haraka isiyo na sababu. Kesho yake tukafika Namanga. Huko siku hizi kuna kituo cha pamoja, kwa hiyo anayekwenda Kenya hupita majengo ya Tanzania bila kusimama na kumaliza mambo yote, ya kutoka na ya kuingia, chini ya paa moja upande wa pili. Watu tuligongewa mihuri kwa muda mfupi. Foleni ya gari ndiyo iliyokula asubuhi yetu. Ofisa wa forodha alitoka nje, akalinganisha namba ya chesesi na ile iliyo kwenye kadi, kisha akaniuliza mwenye gari ni nani. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba kadi ina jina la mke wangu. Yeye aliinua mkono kutoka kiti cha nyuma, mtoto amemlalia mapajani, na kibali cha muda cha kuingiza gari kikaandikwa kwa jina lake. Tangu hapo watoto walimwita bosi, na katika kila mpaka uliofuata ndiye aliyetangulia dirishani huku mimi nikibeba bahasha. Asiye na bahati ya kusafiri na mwenye kadi hulazimika kuwa na barua ya idhini yenye muhuri wa wakili, na nimewaona watu wakigeuzwa kwa kuikosa.

Kenya tuliivuka kwa siku mbili, tukipitia Nakuru, mashamba ya chai ya Kericho na Kisumu. Pale Busia tulihakikisha kwamba kibali cha Kenya kinafungwa kwenye mfumo kabla ya kupewa cha Uganda, maana kibali kilichoachwa wazi huonyesha kwamba gari bado limo nchini. Uganda ilikwenda haraka kuliko nilivyotaka: daraja jipya la Jinja juu ya Nile, foleni ya Kampala iliyotuchukua nusu siku, picha kwenye alama ya ikweta pale Kayabwe, na ng'ombe wa Ankole wenye pembe ambazo mwanangu wa mwisho alidhani zimefungwa juu ya vichwa vyao kwa kamba. Mama aliuliza bei ya ndizi mara nyingi, na alinunua mara nyingi vilevile.

Gatuna ndipo bahasha ilipofunguliwa vizuri kwa mara ya kwanza. Kadi ya njano ina orodha ya nchi, na zile usizolipiwa hukatwa kwa mstari. Rwanda, nchi tuliyokuwa tukiiendea, ilikuwa imekatwa. Nilimpigia wakala wangu, akasema alidhani tunaishia Uganda. Tulinunua bima nyingine palepale mpakani, mke wangu akatia saini bila kunitazama, nami nilishukuru kwa ukimya huo. Saa zetu zilirudi nyuma kwa saa moja, kwa hiyo mtu anaweza kusema hatukupoteza muda wowote.

Kisha kikaja kile nilichokuwa nikikiogopa tangu nyumbani: Rwanda huendesha magari upande wa kulia, na usukani wetu nao uko kulia. Dereva anakaa karibu na mtaro, na mbele yake likiwepo roli, haoni chochote cha upande wa pili. Barabara ya kwenda Kigali inazunguka milima, na maroli ya mizigo hupanda taratibu mno. Hapo ndipo kiti cha mama kilipogeuka kuwa kazi. Yeye ambaye hajawahi kushika usukani maishani mwake alisogea dirishani, akanyoosha shingo, akaanza: “Bado, mwanangu. Bado. Kuna basi. Haya, sasa.” Nilipita kwa neno lake. Usiku hatukuendesha kabisa, kwani taa za gari la usukani wa kulia huinamia kushoto, na huko kushoto ndiko wanakotoka wenzako.

Tulikaa kwa mdogo wangu siku tisa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ilikuwa siku ya umuganda, yaani kazi za pamoja za usafi na ujenzi wa jamii, hatukutoka hadi saa tano asubuhi, na mama alishuka kufagia pamoja na majirani bila kuombwa na mtu.

Kurudi tulifuata barabara ya mashariki hadi Rusumo, ambako mto Kagera huporomoka chini ya daraja. Mama aliomba tusimame kidogo tulipokwisha kuvuka. Mwaka 1994 alisikiliza redioni habari za maelfu ya wakimbizi waliomiminika hapo, akasema alikuwa akilifikiria daraja kubwa zaidi. Tulipoondoka tulikuwa tumerudi upande wa kushoto, usukani uko mahali pake, barabara yote naiona mwenyewe. Baada ya Benako tulilikuta roli la saruji likijikokota mlimani. Nilichungulia, nikaona njia ni nyeupe, nikawasha indiketa. Mama alikuwa amekwisha kunyoosha shingo.

“Bado,” akasema.

Nikasubiri.

“Haya, sasa.”