Malisho ya Mwezi wa Tatu

Mchana theluji inayeyuka, usiku kunaganda tena. Huku kusini-magharibi mwa jimbo la Wisconsin, Marekani, huu ndio wakati wa kutawanya mbegu za klova, mmea wa malisho wa jamii ya kunde. Hakuna kulima: unazimwaga kwa mkono juu ya ardhi ngumu, kisha udongo, kwa kupasuka usiku na kulainika mchana, unazimeza wenyewe. Baba mkwe ana ekari 80 za vilima na msitu wa mialoni, na kila Novemba ukoo mzima hukusanyika humo kuwinda ayala wa mkia mweupe. Mwaka huu amenikabidhi mimi mpango wa vishamba vya malisho ya ayala hao, na nimeupokea kama heshima kubwa.

Nimekulia Singida, ambako mtoto hutumwa kuamia mtama usiliwe na ndege. Kupanda ili mnyama aje ale ni jambo ambalo moyo wangu ulichelewa kulizoea.

Wengi hapa hupanga kwa kuutazama msimu wa bunduki, zile siku tisa zinazoanza Jumamosi kabla ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani ya Novemba. Mwishoni mwa Julai wanapanda tanipu na figili, jalidi inayapiga majani yanakuwa matamu, na madume wanatoka msituni. Nami nitapanda kidogo. Lakini swali ninaloliona la kwanza ni hili: ayala ana njaa lini? Novemba ana matunda ya mialoni, na kwa majirani kuna mahindi yaliyodondoka wakati wa mavuno. Njaa yake ni Februari na Machi, mafuta ya mwilini yakiwa yamekwisha na majike wakiwa na mimba. Kwa hiyo sehemu kubwa nataka iwe nafaka ya rai, ipandwe mapema Septemba. Hiyo hubaki kijani chini ya theluji, na ayala huifukua kwa kwato. Klova itafuata theluji ikishaondoka, ilishe majike wanaonyonyesha na madume wanaoota pembe kiangazi.

Kishamba cha juu kilimani hakitapata klova mwaka huu. Kipimo cha udongo kimetoa pH ya 5.4, yaani udongo una asidi nyingi, na klova inataka walau 6. Chokaa, ya kupunguza asidi hiyo, huchukua miezi kufanya kazi, hivyo naimwaga sasa, rai inafuata, klova ije mwakani.

Jambo ninalolishikilia zaidi ni kutolundika mahindi kama chambo cha kuwavuta ayala, kwani wakila rundo moja huambukizana. Ugonjwa wa kudhoofika wa ayala ulithibitishwa Wisconsin mwaka 2002. Unaletwa na protini iliyoharibika, hupita kwenye mate na mkojo, hukaa udongoni miaka mingi, na hauna tiba. Katika kaunti yetu kuweka chambo ni marufuku. Mazao yaliyooteshwa yanaruhusiwa. Hata hivyo kishamba nacho huwakusanya wanyama, ndiyo maana napendelea vishamba vidogo virefu vilivyotawanyika, si kimoja kikubwa. Ardhi ni ya baba mkwe, lakini ayala ni mali ya umma, kama walivyo wanyamapori wa kwetu Tanzania. Tukiwaambukiza, hatujaharibu chetu peke yetu.

Isitoshe, chakula kikuu cha ayala ni vichipukizi na majani ya porini. Tukikata miti michache isiyofaa mbao, mwanga ukafika chini, naamini tutapata malisho mengi kuliko ya vishamba vyote hivi. Msumeno nimeshaunoa.

Katikati ya klova nitasimika kizimba cha waya ambacho ayala hawawezi kuingia. Ikifika Julai klova ya ndani iko magotini na ya nje imebaki vijiti, basi ayala wamezidi malisho, na dawa si kuongeza mbegu. Ni kuwinda majike zaidi. Hapo mashemeji zangu hawajakubali bado, kwani kila mmoja anangoja dume mwenye pembe. Baba mkwe amesema tukione kwanza kizimba.