Sungura wa Breki

Chini ya kiti cha dereva mjomba aliweka kopo la maziwa ya unga, amelibana kwa kipande cha tyubu, na gari likipita kwenye mashimo lilikuwa linalia kama kayamba. Wiki ya kwanza nilidhani ni akiba yake. Wiki ya pili akanituma nilifungue, nikakuta hakuna hela ya kununua hata andazi. Zilikuwa senti hamsini za zamani, zile zenye sungura upande mmoja na Mwalimu Nyerere upande wa pili. Dukani hakuna aliyezipokea tena. Mjomba alikuwa anaziomba kwa mabibi, wanazitoa kwenye mafundo ya khanga wakimcheka.

"Hizi spea," aliniambia. "Siku utakayoijua kazi yake, usimwambie tajiri."

Ilikuwa 1999. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo sitayaandika hapa. Kwetu sisi watu wa Kusini mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake, kwa hiyo mama hakunishauri wala hakunigombeza. Alimwita kaka yake, wakakaa chini ya mwembe kidogo, na kesho yake asubuhi mimi nilikuwa utingo.

Gari lenyewe lilikuwa Scania 111, ile yenye pua. Aina hiyo iliacha kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1980, hivyo hata iliyo changa kuliko zote ilikuwa na umri unaokaribia wangu. Injini yake ya lita 11, silinda sita, ilikuwa na afya kumshinda mwenyewe mwenye gari. Vingine vyote vilikuwa vya kubembeleza. Milango ilifungwa kwa waya, kioo cha kushoto kilishikiliwa na kipande cha kandambili, na geji ya joto ilikuwa imekufa siku nyingi, joto tukilipima kwa harufu.

Watu wanadhani utingo ni mtu wa kukaa juu ya mzigo na kupiga kelele. Saa kumi na moja alfajiri mimi nilikuwa chini ya gari. Kwanza koki za matangi ya upepo, ule unaoendesha breki: unavuta, maji yanatoka yamechanganyika na oili, rangi kama uji wa ulezi. Pwani kwetu hewa ina unyevu mwingi, kompresa inauvuta wote, na usipoyamwaga kila siku maji hayo yanakwenda kwenye vali za breki na kuzila kutu. Halafu maji ya chujio la dizeli. Halafu grisi kwenye kingipini na pini za springi, mpaka grisi chafu itoke na safi ionekane. Mwisho napita na chuma nagonga tairi moja moja, mjomba akiwa kwenye usukani anakunywa chai na kusikiliza. Nikigonga tairi lenye upepo mdogo, alikuwa anasema "rudia hilo" kabla mimi sijasikia tofauti yoyote. Injini ikiwashwa hatuondoki mpaka geji ya upepo ifike sita. Hapo tajiri anaweza kupiga kelele mpaka achoke.

Kitu kimoja katika gari lile kilimkera mjomba kila siku. Fundi mmoja wa zamani, kabla yetu, alikuwa ameshindwa kupata vali, akaziunganisha njia mbili za upepo zikawa moja. Scania ilitoka kiwandani na njia ya breki za mbele mbali na ya nyuma, ili moja ikipasuka nyingine ibaki. Fundi yule akaokoa bei ya vali. Toka siku hiyo tundu lolote, popote, lilikuwa linanyonya upepo wa gari zima. Mjomba aliomba vali miezi mingi. Aliahidiwa miezi mingi.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Mwanzoni mwa Novemba tulitumwa Newala kuchukua korosho. Wakati ule wanunuzi binafsi walikuwa wanagombania mzigo vijijini, kila mmoja na karani wake, mizani yake na haraka yake. Tulitoka Mtwara mjini, tukapita Mnazi Mmoja, Mtama, Ndanda hadi Masasi, tukaacha lami na kupanda juu ya tambarare ya Wamakonde kwa vumbi. Kijijini kote kulinuka mabibo yaliyoanza kuchacha. Mwalimu alikuwa amefariki London tarehe 14 Oktoba, na redio ya karani ilikuwa bado inapiga nyimbo za maombolezo.

Tulipakia gunia 125 za kilo 80. Tani kumi kamili. Wapakiaji walipofika gunia za mwisho, mjomba alikanyaga breki kujaribu, na chini ya gurudumu la mbele kushoto kikasikika kitu kama nyoka aliyekanyagwa. Akaachia, kikanyamaza. Akakanyaga tena. Fsssss.

"Mpira wa chemba," alisema, akazima injini.

Chemba ya breki ni kama bakuli mbili zimefunikiana, katikati kuna mpira. Ukikanyaga, upepo unausukuma mpira, mpira unasukuma fimbo, fimbo inatanua breki ndani ya dramu mpaka zishike. Mpira ukichanika, upepo unatoka nje na gurudumu halishiki. Kuubadilisha ni kazi ya saa moja ukiwa nao. Duka la spea la Newala lilikuwa na fenibelti, balbu na tairi za baiskeli. Mpira uko Masasi, na Masasi iko chini ya mlima.

Karani akaangalia mawingu. Korosho ikilowa inashuka daraja, alisema, na yeye atamjibu nini tajiri. Mjomba hakumjibu. Akaniambia nilete kopo.

Hapo ndipo nikaijua kazi ya sungura. Unafungua nati ya bomba la upepo pale linapoingia kwenye chemba, unasugua kingo za senti hamsini kwa tupa mpaka iingie ndani ya nati, unaiweka kama kizibo, unakaza. Upepo unaishia hapo. Gurudumu lile halina breki tena, lakini gari halipotezi upepo. Mjomba alishika sarafu na tupa, akaigeuza, akakaa kidogo. Upande wa Mwalimu ulikuwa juu.

"Mzee katuacha juzi tu," alisema, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Akaanza kusugua. Alipoiweka alihakikisha sungura ndiye anatazama upepo na oili, Mwalimu anatazama upande mkavu.

Tukajaribu gari uwanjani. Alipokanyaga breki, pua ilikimbilia kulia, usukani ukamnyang'anya mkono. Ndivyo inavyokuwa: gurudumu la kulia linashika, la kushoto linakimbia, gari linajipinda kulia. Na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kulia ndiko wanakotoka wenzako. Akashuka, akasema afadhali zife mbili kwa usawa, tushuke kwa breki za nyuma na gia. Akanipa sungura wa pili aliyekwisha kusuguliwa. "Funga la kulia. Namba 22." Yeye akaenda kubishana na karani, ambaye sasa alitaka kuongeza gunia tano.

Spana namba 22 ilikuwa kwenye boksi la vyombo, boksi liko mbele kabisa ndani ya bodi, na wapakiaji walikuwa wameshalilaza gunia juu yake. Mlangoni, karibu na mkono wangu, kulikuwa na spana malaya. Wasiojua: ni ile ya kufungua na kubana mdomo, inayokubali kila nati na isiyoishika yoyote sawasawa. Mjomba alikuwa amenikataza mara nyingi kuigusisha kwenye breki. Nikaitumia. Ikateleza mara mbili, ya tatu ikashika, nikavuta mpaka nikaona imetosha. Tulipojaribu breki hakuna kilicholia. Gari lilisimama wima.

"Tayari?"

"Tayari, mjomba."

Asubuhi tukaanza kushuka. Anayeijua njia ya Newala kwenda Masasi anakumbuka pale ambapo nchi inakatika ghafla na bonde linafunguka mbele yako mpaka macho yanachoka. Mjomba hakutazama bonde. Aliweka gia ya pili ya chini kabla mteremko haujaanza, kwa sababu gari zito ukisubiri likimbie ndipo utafute gia, gia haiingii, na hapo umebaki na frii na maombi. Injini ikaanza kunguruma kwa kulishikilia gari. Mguu wake haukugusa breki. Barabara ilikuwa ya vumbi na mawimbi, gari linatetemeka mpaka meno yanagongana, na mimi nilikuwa nasikiliza kopo likilia nikijisikia fundi.

Tulipozunguka kona tukakutana na mtu anasukuma baiskeli kupanda mlima, amefunga madumu manne ya maji. Juu kule maji ni mali, watu walikuwa wanayafuata bondeni na kuyapandisha namna hiyo. Alikuwa katikati ya njia kwa sababu pembeni kulikuwa na mchanga. Honi ilikuwa haifanyi kazi tangu Idi. Mjomba akakanyaga breki.

Nilisikia sauti ile upande wa kulia. Sauti ya nyoka, kubwa mara tatu ya ya jana. Geji ikaanguka mbele ya macho yangu: sita, tano, nne. Mjomba akaachia mguu, gari likaongeza mwendo, akakanyaga tena kwa sababu hakuwa na la kufanya, na upepo uliobaki ukatoka kama umeitwa.

Gari lile lilikuwa na handibreki ya springi kwenye magurudumu ya nyuma. Springi hizo zinazuiliwa na upepo, na upepo ukipungua zinabana zenyewe, hazimsubiri dereva. Zikabana. Tairi za nyuma zikalia, mkia ukaanza kuhama, mjomba akaelekeza pua kwenye ukingo wa mlima upande wa kushoto. Tukasimama bampa imeingia kwenye udongo, vumbi likatupita likaendelea kushuka bila sisi. Niliruka na gogo nikalisukumia nyuma ya tairi, upande usiofaa kabisa, kwa maana gari lilikuwa linataka kwenda mbele. Nililihamisha baadaye wakati hakuna anayeniangalia.

Mwenye baiskeli alikuwa mzima, kasimama mchangani. Baiskeli yake ilikuwa imelala na dumu mbili zimepasuka. Hakuuliza kama tumeumia.

"Maji yangu nani atanilipa?" alisema.

Mjomba alimwangalia, akaenda nyuma ya kebini akafungua dumu letu la maji ya rejeta, lita 20, akampa. Akamwongezea hela. Wakaagana vizuri, wakaitana shemeji.

Kisha akapiga magoti kwenye gurudumu la kulia. Nati aliizungusha kwa vidole. Akaitoa, sungura akamdondokea kiganjani. Nilikuwa nimesimama nyuma yake nikaona anapitisha kidole gumba juu ya pembe za nati, polepole, pembe moja baada ya nyingine. Zilikuwa zimelika na kuacha meno, meno ya spana malaya, hakuna fundi asiyeyajua. Akaniambia nipande juu nishushe gunia. Nilishusha gunia, nikatoa boksi, nikatoa namba 22, nikampa. Akakaza mwenyewe.

Karani, aliyekuwa amepanda juu ya mzigo na sasa ana rangi ya korosho iliyobanguliwa, alishuka akauliza kulikoni.

"Sungura kapasuka," mjomba alisema. "Zimeshazeeka hizi hela."

Karani hakuelewa, akakubali. Tukawasha injini, tukasubiri geji ipande mpaka springi za nyuma ziachie, tukarudi nyuma kutoka kwenye udongo na kushuka sehemu iliyobaki kwa gia ya kwanza, kwa mwendo ambao mzee mwenye mkongojo angetupita.

Masasi tulifika jua limeelekea kuzama, na mvua haikunyesha. Mjomba alinunua mipira miwili kwa hela yake, pamoja na nati mpya, akanipa nifunge mbele yake. Nilitumia namba 22, kulia na kushoto. Alikanyaga breki, akasikiliza, akazima. Sungura wawili akavifuta mafuta kwa tambara, akavirudisha kwenye kopo.

Usiku tulikula kwa mama ntilie, ugali wa muhogo na mboga ya kisamvu. Hakuwa amesema neno toka mlimani zaidi ya "leta" na "shika". Alikata tonge, akalichovya.

"Spana 22 ilikuwa wapi?"

"Kwenye boksi, mjomba. Chini ya gunia."

"Gunia lina kilo ngapi?"

"80."

Akala.