Nilivyouza sigara Katuba ili nitetee kazi yangu ya uchumi

“Andika tu kwamba soko la sigara ni la ushindani kamili, yaani hakuna muuzaji awezaye kupanga bei peke yake, maana wauzaji wamejaa kila kona ya Lubumbashi, na hakuna mwalimu atakayekwenda kuwahesabu.” Ndivyo alivyonishauri kaka mmoja aliyetutangulia chuoni, nami nilimwamini kwa majuma matatu, mpaka msimamizi wangu aliponirudishia kurasa zote za kazi yangu ya uchumi akiwa ameandika swali moja pembeni: ni nani anayepanga bei?

Swali hilo lilinipeleka soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa Lubumbashi, nikiwa nimevaa tai, na kwapani faili la maswali 40. Leo najicheka, kwa sababu mbele ya muuzaji wa sigara kijana wa tai na faili ni mtoza kodi tu. Wa kwanza alidai kwamba pakiti zile si zake, wa pili kwamba ameanza biashara asubuhi hiyo hiyo, na wa tatu alifunika meza yake kwa kitenge akaondoka, akaniacha nikiilinda.

Basi nilimwomba mama mdogo meza yake ya mkate kule mtaa wa Katuba, nikanunua pakiti kadhaa kwa muuzaji wa jumla, nikakaa kando ya barabara siku kumi na tano, mimi nisiyevuta hata kidogo. Niliuza moja moja kama wenzangu, ingawa Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ulioanza kutumika mwaka 2005 na ambao nchi yetu ya Kongo imeuridhia, unahimiza uuzaji wa namna hiyo upigwe marufuku ili watoto wasizipate kwa urahisi. Hesabu niliandika nyuma ya viberiti. Asiwepo mtu wa kutoa daftari mbele ya wateja.

Desturi ya barabara ile ilikuwa kwamba anayenunua tano anapewa moja ya matabishi, yaani nyongeza ya bure kwa bei ile ile. Siku ya tatu nilianza kutoa mbili. Kabla ya saa sita mchana papa, yaani mzee, aliyekaa kushoto kwangu naye alitoa mbili, kisha mama wa ng’ambo ya barabara, na jioni kila mmoja wetu alikuwa na wateja wale wale na makuta, yaani pesa, pungufu. “Mwanangu,” papa aliniambia akifunga meza, “leo tumemfanyia kazi mvutaji.” Baada ya siku chache nilijaribu kinyume chake, nikaondoa matabishi kabisa. Hakuna aliyenifuata, wateja wangu walisogea hatua mbili kushoto, wakinisalimu kwa adabu walipokuwa wakipita. Usiku huo nilichora mstari wa mahitaji uliovunjika, ule aliouandikia mwanauchumi Paul Sweezy mwaka 1939: anayeshusha bei anafuatwa, anayepandisha anaachwa peke yake. Nilifurahi hata nikamwamsha mdogo wangu kumwonyesha, naye akauliza kama kuna mkate uliobaki.

Juma la pili bei ya jumla ilipanda. Kuongeza kidogo kwenye sigara moja hakuwezekani, kwa kuwa hakuna noti ndogo ya kurudisha chenji, lakini asubuhi iliyofuata matabishi yalikuwa yametoweka barabara nzima, bila mkutano wala neno.

Jambo hilo ndilo lililoniokoa mbele ya jopo la walimu siku ya kuitetea kazi yangu. Mwalimu mmoja alinikumbusha kwamba mwezi wa Juni 1931, Marekani ikiwa katikati ya mdororo na majani ya tumbaku yakiwa rahisi, kampuni ya sigara ya Reynolds ilipandisha bei na wenzake wakubwa wakaifuata. Mwanauchumi George Stigler alitumia mfano wa sigara mwaka 1947 kuukosoa mstari huo huo niliouchora kwa kujivuna. Jasho lilinitoka. Nilimjibu kwa matabishi: mstari unavunjika pale mmoja anapopanda peke yake, lakini ikiwepo ishara ambayo wote wanaiona, iwe kiongozi wa bei, iwe muuzaji wa jumla, iwe ushuru mpya wa serikali, wote hupanda pamoja, na kampuni chache zinaweza kumtwika mvutaji ushuru wote na kuongeza chao juu yake.

Akauliza kama marufuku ya matangazo huziumiza kampuni. Nilitaja Marekani, ambako matangazo ya sigara redioni na katika televisheni yalikoma tarehe 2 Januari 1971: kila kampuni ilikuwa ikitangaza kwa kuogopa mwenzake, kama sisi na matabishi yetu, na sheria ikawaondolea wote kwa siku moja gharama ambayo hakuna aliyethubutu kuiacha peke yake. Yule mwalimu alitabasamu, na alama nilizopata zilimfanya yule kaka mshauri aniombe nakala.

Gharama zote zilikuwa labda dola thelathini, labda zaidi, mkate wa mama mdogo nisiouhesabu ukiwamo. Pakiti mbili zilizobaki nilimpelekea papa wa Katuba. Alinilipa chini ya bei niliyonunulia. Mnunuzi alikuwa yeye peke yake, na alilijua hilo.