Pampu Iliyonyimwa Ruhusa

Septemba 2018 nilichukua likizo kazini kwangu, bandari ya Dar es Salaam, nikaenda kwa mjomba kijijini, upande wa Mvumi, Dodoma. Chai haijapoa, akaniambia, "Mpwa wangu, kesho utatupeleka kisimani. Pampu imekufa."

Kamati ya maji ilikwisha kuanza kuchangisha fedha za mota mpya. Nikamkumbusha mjomba kwamba mimi ni mhandisi wa umeme na mifumo ya kuongoza kreni, si fundi wa visima. "Sasa hii si kreni?" akasema. "Inapandisha maji." Sikuwa na jibu.

Asubuhi tukawakuta wazee chini ya mbuyu. "Mbukwenyi!" Salamu zikachukua muda wake, kama ilivyo Ugogoni, ndipo kijana anayeendesha pampu akafungua paneli. Umeme ulikuwepo, fezi zote tatu. Nikazima swichi kuu na kupima koili za mota: usomaji ulilingana pande zote. Mota iliyoungua mara nyingi haipimi hivyo.

Bandarini, spreda ya kreni hushika kontena kwa kufuli nne za pembeni. Moja isipotoa taarifa kwamba imefunga, kreni haiinui. Dereva atapiga kelele redioni kwamba kreni imekufa, na mara nyingi unakuta ni kiswichi kimoja kilicholiwa na chumvi ya bahari. Kwa hiyo siulizi kwanza kilichokufa. Natafuta aliyekataa kutoa ruhusa.

Nikarudisha umeme wa kuongozea tu, ule unaoamuru pampu iwake, mota ikiwa bado imetengwa, nikaufuata mkondo wake: kitufe cha kuzimia kilipitisha, rilei ya ovalodi (swichi inayojikata mota ikizidiwa) ikapitisha, rilei ya usawa wa maji ikagoma. Hiyo husikiliza elektrodi, vipande vya chuma vinavyoning'inia kisimani. Maji yakizigusa, mkondo mdogo hupita na pampu huruhusiwa. Yakishuka, pampu huzimwa isije ikaungua kwa kuzunguka kavu. Tukateremsha kamba yenye nati kwenye bomba la kupimia. Ikarudi imelowa sehemu ndefu. Maji yalikuwepo, elektrodi zikisema hayapo.

Pampu ikiwa bado imetengwa, nikagusanisha nyaya mbili za elektrodi pale paneli. Rilei ikalia tak! Kijana akaruka kwa furaha.

"Bro, ziache hivyo hivyo!"

Nikakataa. Mzee mmoja akaguna kwamba wasomi wanapenda kuchelewesha mambo, na ng'ombe wake walikuwa na kiu kweli. Lakini kiangazi cha Dodoma hakina mzaha: siku maji yatakaposhuka usiku wa manane, nani angeizima? Bandarini huwezi kuruka kinga bila idhini iliyoandikwa. Kisima cha kijiji kina haki hiyo hiyo.

Tukavuta elektrodi juu. Zilikuwa zimevikwa chokaa nyeupe, ngumu kama ganda la yai. Maji ya pale yana chumvichumvi, na chokaa ikitanda juu ya chuma, mkondo hauoni njia. Tukazisugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa, tukazirudisha, nikawasha. Kontakta, swichi kubwa inayoipa mota umeme, ikafunga kwa kishindo.

Maji yalipofika tangini ugomvi mpya ukaanza: michango irudishwe au isirudishwe? Mtunza hazina hakutaka hata kusikia habari ya kurudisha. Wakakubaliana zinunuliwe elektrodi za akiba, na kijana akapewa msasa na agizo la kuzivuta na kuzikagua kila baada ya mavuno ya zabibu.