Namba 8 kwenye kitalu cha Muheza

Kisu kilifika kimeviringishwa ndani ya soksi ya sufu, katikati ya sanduku la mdogo wangu aliyekuwa akisoma Grenoble, Ufaransa. Aliniletea na chokoleti, lakini chokoleti inayotua Tanga mwezi wa tatu kila mtu anajua inavyofika. Nikawaachia watoto, nikabaki na kisu: Opinel namba 8, mpini wa mbao iliyopakwa vanishi, pete ya chuma shingoni, na ubapa wa sentimita 8.5 uliojilaza ndani ya mpini ukaacha mgongo tu nje.

Nilipokipokea nilihisi sijapewa kitu. Hakifiki gramu 50.

"Hiki si cha kuchezea?" nikamuuliza.

"Kaka, subiri kwanza ukitie kwenye nyanya."

Nilikitia kwenye nyanya jioni ile ile, shemeji yake akitengeneza kachumbari. Ubapa ni mwembamba kiasi kwamba nyanya haikuminywa wala haikutoa maji. Vipande vilianguka kwenye sahani vikiwa vimesimama. Nikamaliza na vitunguu, nikaendelea na tango ambalo hakuna aliyeniomba nilikate. Mke wangu alikubali kwamba kinakata. Kutembea nacho ndiko alikokataa. "Mtu mzima na kisu mfukoni, unataka kumchoma nani?"

Mimi ni bwana shamba. Kisu mfukoni kwangu ni kama kalamu kwa karani, na nilishazoea kuishi na vibovu. Kile nilichokuwa nacho nilikinunua kwa mmachinga pale stendi, mpini wa plastiki, springi imelegea, na ukikibonyeza vibaya kinakukunjikia vidoleni. Nina alama kwenye kidole cha shahada hadi leo. Kwa hiyo kitu cha kwanza nilichokichunguza kwenye hiki kipya ilikuwa ile pete. Unafungua ubapa, unaizungusha pete kwa kidole gumba, mwanya wake unahama, na ubapa hauna tena pa kurudi. Ukishaukunja unazungusha tena, na hapo hata kikikaa kichwa chini mfukoni hakifunguki. Hakuna springi. Kisu kizima ni vipande vitano: ubapa, mpini, pini, pete ya ndani isiyosogea na hii ya nje inayozunguka. Kikiharibika unaona kwa macho kilichoharibika.

Mdogo wangu alikwenda hadi kwenye makumbusho ya visu hivi, Saint-Jean-de-Maurienne, huko milimani Savoie, kwa hiyo kibarazani tulipata mhadhara mzima. Aliyekibuni aliitwa Joseph Opinel, mwaka 1890, akiwa kijana wa miaka 18 katika karakana ya baba yake aliyekuwa akifua zana za shamba. Mwaka 1897 akavipanga kwa ukubwa, namba 1 hadi 12. Baadaye namba 1 na namba 11 zikaondolewa, ndiyo maana ukihesabu leo unaruka. Pete yenyewe ilikuja mwaka 1955, kazi ya Marcel Opinel; kabla ya hapo walikuwa wakitegemea mbao ikikaze chuma basi. Watoto walichokihifadhi katika yote hayo ni ule mkono wenye taji uliogongwa kwenye ubapa. Waliniuliza kama ni mkono wa mfalme. Baba yao mdogo akasema ni mkono wa mtakatifu kutoka kwenye nembo ya ule mji, na taji ni la watawala wa zamani wa Savoie. Wakaridhika.

Duka lilikuwa na aina mbili, isiyoshika kutu na hii ya chuma cha kaboni. Akachukua ya kaboni kwa sababu inanoleka upesi hata kwa jiwe la kawaida. Onyo lilikuwa moja tu: kifutwe, kisilazwe na maji.

Haya, mwambie hivyo mtu anayefanya kazi chini ya milima ya Amani wakati wa masika.

Siku ninayotaka kuisimulia ilikuwa mwezi wa tano. Kikundi cha wakulima katika kijiji kimoja, barabara ya kupandia Amani, walikuwa na kitalu cha milimao iliyofikia unene wa penseli, tayari kubebeshwa michungwa. Kwa asiyejua: Muheza mchungwa mwingi hukalia mizizi ya mlimao. Unapanda mbegu ya mlimao, mche ukikomaa unaupasua ganda, unaupachika jicho, yaani kichipukizi, la mchungwa uliouchagua, unafunga kwa utepe wa nailoni, na likishika unakata kichwa cha mlimao. Kazi hii inataka mvua, maana ganda hubanduka vizuri mti ukiwa na maji. Na mvua ilikuwapo. Nilitoka Muheza kwa pikipiki, kufika kijijini maji yalikuwa yakinitoka viatuni.

Watu walikuwa wamekwisha kaa kwenye mabenchi chini ya bati, viriba vimepangwa mbele. Nikasalimu, nikasema maneno mawili matatu ya kuonyesha serikali inawajali, nikatia mkono mfukoni, nikatoa kisu. Nikazungusha pete. Nikatia ukucha kwenye mfuo wa ubapa, nikavuta.

Hakikufunguka.

Nikavuta tena. Mbao ilikuwa imekunywa mvua yote ya safari ikavimba, ikaubana ubapa pande zote mbili. Si kosa la aliyekitengeneza, mbao ni mbao, hata mlango wa jikoni kwangu hufanya vivyo hivyo mwezi wa nne. Lakini wewe simama mbele ya wanakijiji thelathini na kisu cha Ulaya kisichofunguka. Kijana mmoja nyuma akasema, "Bwana shamba, labda kinataka chaji." Wakacheka wote, nami nikacheka kwa sababu hakukuwa na la kufanya.

Mbele alikaa mzee aliyekuwa akibebesha michungwa tangu mimi sijazaliwa. Nusu ya mashamba ya kijiji kile yametoka mikononi mwake. Akanyoosha mkono bila kusimama.

"Lete."

"Shikamoo, Mzee. Chukua, lakini pole pole na kucha."

"Marahaba. Kucha za nini?"

Akakigeuza, akakitazama kitako, yaani kule ambako mpini umekatwa mshazari. Akagonga kitako hicho kwenye ukingo wa benchi, pigo moja fupi kavu. Ubapa ukachomoza upana wa kidole. Akaushika mgongo kwa vidole viwili, akaufungua wote, akazungusha pete kana kwamba amezaliwa nayo. Nilimsimulia mdogo wangu kwenye simu usiku ule, akapiga kelele: wazee wa Savoie hufanya hivyo hivyo, wanagonga kitako mezani. Mzee hajawahi kuvuka Korogwe kwenda juu.

Baada ya hapo somo halikuwa langu tena. Mzee aliuweka ukali juu ya ukucha wa dole gumba, akausukuma kidogo kuona kama unateleza. Haukuteleza. Akachukua kijiti cha mlimao, akakikata mshazari, akaupitisha ulimi kwenye jeraha. "Kinakata," akasema. "Ila kimenolewa kwa chakula."

Akaeleza, akielekeza zaidi kwa vijana kuliko kwangu. Kisu cha kubebeshea hunolewa upande mmoja, upande wa pili uwe bapa kabisa, ili ukilichomoa jicho sehemu ya nyuma itoke sawa, ilale kwenye mti bila mwanya. Hiki kimenolewa pande mbili, kwa hiyo kinapenda kuzama. Ukikiachia kitakuchukulia mbao nene nyuma ya jicho. Na ncha yake ni kali kupita haja. Ganda la mlimao linataka kuinuliwa, na ncha hii inalitoboa.

Nikadhani atanirudishia. Badala yake akavuta kiriba, akafuta shina kwa kiganja, akapasua mstari wa wima usiozidi sentimita tatu, akafunga juu kwa mstari wa kulala, ile alama ya T. Ubapa alikuwa ameulaza karibu kabisa na kijiti, akiuzuia usizame kwa dole gumba la mkono wa pili. Jicho likatoka na kingozi chembamba cha kijani, nyuma yake uzi wa mbao tu. Ganda hakulifungua kwa kisu, alitumia ukucha. Akasukuma jicho chini mpaka likakaa, akafunga. Muda wote huo mvua ilikuwa ikipiga bati na hakuna aliyezungumza.

Tulipomaliza viriba vya siku ile wakaleta machungwa ya mwanzo wa msimu, ya kijani nje lakini yana maji. Hapo ndipo kisu kilipojitetea. Kumenya chungwa kama wauzaji wa stendi, ganda juu juu tu bila kugusa nyama, kunataka ubapa mwembamba, na huu ulikwenda wenyewe; ganda lilishuka utepe mmoja toka kikonyo hadi chini. Kilizunguka benchi kwa benchi. Mama mmoja alilalamika kwamba chungwa lake lina ladha ya msumari, na kweli, chuma cha kaboni kikiwa kipya kinagombana na ndimu na machungwa. Kiliporudi kwangu hakikuwa na ule weupe wa kioo. Ubapa ulikuwa na mawimbi ya buluu na zambarau na doa moja jeusi karibu na ncha. Nikaanza kulisugua na pindo la shati, Mzee akanizuia. Aliniambia rangi ile niiache, ikishaenea kutu haitapata pa kuanzia. Ndivyo ilivyokuwa. Ule ubapa ukaja kuwa wa kijivu cha moshi, na machungwa yakaacha kunuka chuma. Pale pini inapopita alinishauri nidondoshe mafuta ya nazi, na mpini niuweke juani mpaka ukauke wenyewe, nisiupeleke karibu na jiko.

Kwa kubebeshea sikukitumia tena, nina kisu cha kazi hiyo kwenye mkoba. Lakini kwa kukata utepe, kufungua magunia, kuchonga vigingi na kula njiani, sijashika kingine chenye raha kama kile. Pete hupata mchanga ikawa nzito kuzunguka. Ukiigonga gonga na kuipiga mswaki wa zamani inarudi.

Mdogo wangu aliporudi likizo nilimwagiza kingine kwa ajili ya Mzee. Akaleta namba 7, ubapa wa sentimita 8. Nikakipeleka kijijini siku tuliyokwenda kukagua yale macho, ambayo mengi yalikuwa yameshika. Mzee akashukuru sana, akakipima kiganjani, akakifungua na kukifunga, akaniomba na changu akipime pia. Akakaa navyo viwili mkononi.

"Hiki kidogo," akasema juu ya kile kipya. "Halafu hakijazoea machungwa."

"Mzee, tofauti yake nusu sentimita."

"Basi kama ni nusu sentimita, wewe hutaumia."

Natembea na namba 7.