Nilivyompata daktari wa kobe kabla ya kumnunua kobe

Binti yangu alipoomba tufuge kobe wa Kirusi hapa Columbus, Ohio, nilimwambia kwamba tutamtafuta daktari kwanza, kobe atafuata. Muuzaji dukani alinihakikishia kwamba kobe haugui na kwamba daktari hutafutwa siku ya shida. Ushauri ule uliniudhi, kwa sababu kobe huweza kuficha maradhi yake kwa wiki kadhaa, na ukija kumwona amefumba macho na kukataa majani, huna tena nafasi ya kupiga simu huku na huku.

Kliniki ya kwanza ilikuwa jirani, na tangazo lake lilisema inatibu wanyama wa kila aina. Nilikwenda na swali moja tu: kobe mwenye minyoo mtampa dawa gani? Swali hili ni mtego. Ivermectini, ambayo mbwa, ng'ombe na hata binadamu huitumia, humpoozesha kobe na inaweza kumuua, na daktari aliyesomea watambaazi hakosi kulijua hilo. Daktari yule, kijana mpole kabisa, alijibu bila kusita kwamba angempa ivermectini kulingana na uzito wake. Nilimshukuru, nikaondoka.

Nilizipigia simu kliniki nyingine sita au saba, na kila aliyepokea nilimuuliza daktari ametibu kobe wangapi mwezi uliopita. Wengi walinyamaza kidogo, kisha wakanieleza habari za sungura na kasuku. Hatimaye nilifungua orodha ya ARAV, chama cha madaktari wa watambaazi na amfibia, nikampata mmoja aliye mwendo wa karibu saa nzima kwa gari. Uanachama peke yake si cheti cha ubingwa, kwa hiyo naye nilimtegea swali langu.

"Kobe hapewi ivermectini kamwe," alinijibu kabla sijamaliza, kisha akageuka kuniuliza yeye: taa ya UVB, ile inayotoa miale kama ya jua, ni ya aina gani, itafungwa umbali gani kutoka mgongoni mwa kobe, na pale pa kuotea joto patafika nyuzi ngapi. Hapo moyo wangu ulitulia, na Jumamosi iliyofuata tukamnunua kobe.

Ziara ya kwanza ilinigharimu dola mia na ushee, pamoja na kupima kinyesi cha asubuhi ile ile, tulichokibeba ndani ya kikopo. Daktari alimweka kobe kwenye mizani, akabonyeza gamba kwa kidole gumba, akachungulia puani na mdomoni. Minyoo ilionekana kwenye hadubini, na katika karatasi ya dawa aliandika fenbendazoli.